Pati nyumbani: mwenyeji alipe vyote, kila mtu aje na chakula, au mchange hela?

Wengi wanaokwama hapa sio wachoyo. Mtu anataka kuita marafiki nyumbani, anawapenda na ana hamu ya kukaa nao, alafu akipiga hesabu ya chakula anaona haiwezekani bila kugusa hela ya kodi, akifikiria kuomba mchango anaona aibu, mwisho anaghairi kimya kimya na watu wanamaliza mwaka bila kuonana. Na mgeni naye ana shida yake. Anaalikwa, anaenda mikono mitupu kwa sababu hakuambiwa kitu, anafika anakuta wenzie wote wamekuja na vyombo, au mbaya zaidi ameshakula ameshiba yuko kwake ndo anatumiwa meseji ya kudaiwa.

Naweka hapa njia nne ambazo watu wanazitumia kweli: mwenyeji analipa kila kitu, kila mtu anakuja na kitu, watu wanachanga hela kabla, na mtu mmoja ananunua kwanza alafu mnagawana. Zote nne zina heshima zikifanywa vizuri. Kinachovunja heshima ni mgeni kujua masharti akiwa ameshakubali kuja au ameshafika, na hilo nalisimamia kwa nguvu zangu zote.

Kabla hujachagua, jiulize haya

La kwanza na kubwa kuliko yote, hii shughuli ni ya nani? Kama wazo ni lako, siku umepanga wewe, sababu ni yako (umetimiza miaka, umepata kazi, umehamia nyumba mpya) basi wewe ndo umeita watu na mzigo mkubwa ni wako. Lakini kama mko kundi la watu sita mnaambiana jamani muda umepita tukutane, na nyumba yako imechaguliwa tu kwa vile ina nafasi au iko katikati, hapo huna shughuli, umetoa nyumba tu, na kutoa nyumba tayari ni mchango. Hili watu wanalisahau sana. Mwenye nyumba anafagia kabla na kudeki baada, gesi na maji na umeme ni vyake, sabuni ni yake, viti vya ziada ameazima yeye, glasi zitakazovunjika ni zake. Ukimtoza kwenye chakula sawasawa na wengine ujue amelipa mara mbili.

Ukishajibu hilo ndo unaangalia mambo manne, na ndiyo niliyoyatumia kupima kila njia. Hela, yaani nani anabeba na je kiasi kinajulikana mapema. Kazi, nani anapika na nani anahangaika kufuatilia watu kwenye simu. Uhusiano, watu watajisikiaje, hasa yule mwenye kipato kidogo kuliko wote kwenye kundi, maana huyo ndo hatasema kitu. Na mwisho inamfaa nani.

1. Mwenyeji analipa vyote

Hela: yote inatoka mfukoni kwako, lakini na uamuzi wote unabaki kwako, na huo ni uhuru mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Unaweza kupunguza gharama bila mtu yeyote kuona amepunguziwa. Kinachopandisha bei kuliko vyote ni idadi ya watu, kwahiyo ukiona bajeti inakaza punguza idadi kabla hujapunguza chakula. Cha pili ni saa. Ukiita watu saa ya mlo wanatarajia mlo, ukiwaita katikati ya mchana na jioni ukaandika wazi "vitafunio na vinywaji, kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na mbili" wanakuja wameshakula na hakuna atakayesema ameshinda njaa kwako. Chakula kimoja kizuri cha kutosha kinawaheshimu watu kuliko aina saba za kidogo kidogo.

Kazi: yote yako, kuanzia sokoni mpaka kuosha sufuria, ila hakuna vikao, hakuna kukumbusha mtu, unaamua unafanya.

Uhusiano: kwa mgeni hii ndo njia yenye amani zaidi, anakuja na mwili wake tu. Hatari yake iko mbele kidogo. Kama ni wewe tu unayeita kila mara, utafika mahali unachoka na moyo unaanza kuhesabu nani hajawahi kukualika, na kwa upande mwingine mgeni ambaye hawezi kurudisha kwa kiwango chako anaanza kukukwepa kwa aibu na wewe unadhani ana kiburi.

Hapa kuna swali ambalo kila mgeni mstaarabu atakuuliza: nije na nini? Jibu la "njoo tu" lina maana ukilisema kwa moyo mmoja. Ukishalisema usirudi baadaye kuangalia nani kaja mikono mitupu. Kama unahitaji kitu taja kitu chenyewe, mwambie njoo na barafu mifuko miwili, hilo linamsaidia na yeye maana hatasimama dukani anabahatisha. Na mgeni akikuletea zawadi ya chakula au kinywaji bila kuombwa, ni yako, hulazimiki kuifungua siku hiyo, na yeye asikae anaisubiri mezani.

Inamfaa nani: mwenye tukio lake mwenyewe, anayewaita wakubwa, wakwe, bosi au watu anaowakaribisha mara ya kwanza, na yeyote mwenye watu wachache. Haimfai anayelazimika kukopa ili aifanye. Hakuna rafiki wa kweli anayetaka sahani iliyokuacha na deni.

2. Kila mtu aje na kitu

Hela: inagawanyika bila mtu kushika hela ya mwenzie, na kila mtu anatoa kwa uwezo wake, huyu atapika sufuria kubwa, yule atanunua matunda. Ila gharama hazilingani hata siku moja. Aliyeambiwa alete nyama ametumia mara kadhaa ya aliyeambiwa alete tishu. Kwahiyo vile vya gharama kubwa ama avichukue mwenyeji, ama vigawiwe watu wawili wawili, ama mtu ajichagulie mwenyewe bila kupangiwa. Mimi napendelea kujichagulia, maana mtu akichagua mwenyewe halalamiki, na aliyebanwa mwezi huo atachukua cha bei ndogo bila kumweleza mtu kwanini.

Kazi: hapa ndo kwenye mambo. Bila listi mtaishia na keki tano na hakuna chakula cha kushibisha. Mwenyeji anatakiwa aandike mafungu, chakula cha kushibisha, mboga, kitoweo, kitu kitamu, vinywaji, barafu, sahani na vikombe, alafu watu wajiandike kwenye kila fungu mpaka lijae. Waambie mtakuwa wangapi ili kila mtu ajue apike cha watu wangapi, na kama mko 15 hakuna haja kila mtu alete cha watu 15, kwasababu kila mtu atachukua kidogo kidogo kwenye kila chombo, cha kutosha watu 6 mpaka 8 kwa kila chombo kawaida kinatosha kabisa. Chakula kije kimeiva. Watu watatu wakifika na vyakula vinavyotaka kumaliziwa jikoni kwa wakati mmoja, jiko moja halitoshi na mwenyeji anaacha wageni anasimamia foleni. Asiyepika asiachwe nje wala asichekwe, barafu na vinywaji ni kazi ya kweli, tena barafu ikikosekana ndo watu wanalalamika kuliko chakula. Ila mchelewaji wa kawaida msimpe vitafunio vya mwanzo, atafika watu wameshakula.

Kuna jambo la afya ambalo halipo kwa uzito huu kwenye njia nyingine. Chakula kimepikwa jikoni kumi tofauti na kimesafiri. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2, cha moto kiwekwe juu ya nyuzijoto 60 na cha baridi chini ya nyuzijoto 5. Sasa fikiria mtu katoka kwake saa sita, kakaa kwenye foleni ya magari saa nzima, watu wameanza kula saa tisa, hizo saa mbili zimeisha kabla ya sahani ya kwanza. Aliye mbali alete vitu visivyoharibika haraka, vyakula vya maziwa na mayai na nyama wavichukue wanaoishi karibu, na mwenyeji aache nafasi kwenye friji. Alafu kila chombo kiwe na karatasi ndogo, kina nini ndani, hasa karanga, maziwa, mayai, ngano na vyakula vya baharini, kwasababu kwa mwenye mzio karanga kidogo tu inaweza kumpeleka hospitali, na mgeni hawezi kuzunguka anauliza kila mpishi.

Uhusiano: wakati wa chakula unachangamka sana, watu wanasifiana mapishi, wanaombana maelekezo, kila mtu anajiona ana sehemu yake. Upande mbaya ni kulinganisha, chombo kimoja kinaisha dakika kumi na kingine kinarudi kilivyokuja, na aliyekileta anaona. Mwenyeji mwenye macho anachota cha huyo mapema na kukisifia kwa ukweli. Kilichobaki ni mali ya aliyeleta, kwahiyo kabla hujafunika na kuweka kwenye friji yako muulize, na vyombo virudi kwa wenyewe siku hiyo hiyo, andika jina chini ya chombo chako kwa plasta.

Inamfaa nani: majirani, wafanyakazi wenza, familia kubwa, marafiki wanaokutana mara kwa mara. Haifai kwa anayesafiri kwa basi umbali mrefu, wala kwa mgeni mpya ambaye hamjui mtu, huyo mwambie aje tu.

3. Mnachanga hela kabla

Hela: hii ndo yenye uhakika kuliko zote zikifuatwa kanuni mbili. Kanuni ya kwanza, kiasi kinatajwa pamoja na mwaliko, sio wiki moja baadaye watu wakiwa wameshakubali. Ya pili, manunuzi yanafanyika baada ya hela kuingia, na mnagawa kwa waliolipa, sio kwa waliosema watakuja. Angalia hesabu yenyewe: ukigawa gharama kwa watu 10 alafu wakatokea 8, kila mmoja wa hao 8 anatakiwa aongeze robo nzima ya alichopanga, na kama hawaongezi basi pengo ni la mwenyeji. Kwahiyo weka tarehe ya mwisho siku tatu au nne kabla ya kwenda sokoni.

Anayeomba mchango aseme unalipia nini. Chakula tu au na vinywaji? Watoto wanahesabiwa? Mume na mke ni kichwa kimoja au viwili? Mtu akipata dharura siku ya mwisho anarudishiwa? Na zikibaki zinaenda wapi? Haya ukiyaandika mistari mitano watu wanatoa kwa roho nyeupe, ukiyaacha hewani ndo unasikia minong'ono. Naona sawa watoto wadogo wasilipe kabisa, wanaokula kama watu wazima walipe nusu, na aliyeghairi baada ya chakula kununuliwa asirudishiwe lakini atunziwe chakula chake akikitaka. Hela ikibaki itangaze hata kama ni ndogo sana, iwekwe kwa ajili ya siku nyingine au irudi. Kunyamaza kwa hela ndogo kunaharibu jina kuliko watu wanavyofikiri.

Kazi: mmoja anapokea, mmoja ananunua, na ikiwezekana wasiwe mtu mmoja. Mwenyeji ambaye anatoa nyumba asipewe na kazi ya kudai. Kukumbusha watu hela kunachosha moyo.

Uhusiano: hapa kuna mambo mawili mazito. Moja, mtu akishalipa anaanza kuona ni haki yake, anaangalia nyama ngapi ziko kwenye sahani yake, na mwenyeji anaanza kujisikia kama mhudumu nyumbani kwake mwenyewe. Hilo linapungua sana kama watu wametoa maoni juu ya chakula kabla ya kuchanga. Pili ni yule asiyekuwa nayo. Ile tabia ya kubandika majina kwenye kundi, aliyelipa na asiyelipa, inaleta hela haraka kweli lakini inamvua mtu nguo mbele za watu, na mimi siikubali kwa mkusanyiko wa marafiki. Mkumbushe mtu kwenye namba yake. Kuna wanaotumia kiwango cha chini na ruhusa ya kuongeza, wanatangaza kiasi kidogo ambacho kila mtu anakimudu na wenye uwezo wanajazia bila kutajwa, hiyo ni njia nzuri sana kwa kundi lenye vipato tofauti, ila anayepanga bajeti aanze na kile kiwango cha chini, asitegemee nyongeza.

Inamfaa nani: watu wengi, kuanzia 15 hivi kwenda juu, chakula cha kuagiza au cha mpishi wa kulipwa, na kundi lililoamua pamoja. Haifai kwa siku yako ya kuzaliwa uliyoipanga mwenyewe, isipokuwa marafiki ndo wamekuja na wazo la kukuandalia, na hapo wachangishane wao bila wewe.

4. Mmoja ananunua, mnagawana baadaye

Hela: ni rahisi kuanza, ngumu kumaliza. Mnunuzi anaweka hela zake zote mbele na anaweza kukaa wiki anazisubiri. Alafu kuna kishawishi cha kununua zaidi kwasababu gharama inagawanywa. Mwaka 2004 wachumi Uri Gneezy, Ernan Haruvy na Hadas Yafe walichapisha jaribio walilofanya kwenye mgahawa, wakaona watu wanaojua bili itagawanywa sawa kwa wote wanaagiza vya gharama zaidi kuliko wale ambao kila mmoja anajilipia. Hapa ni mgahawa tu umehamia sebuleni. Dawa yake ni kukubaliana kikomo kabla ya mtu kwenda dukani, "tusivuke hapa," na kila kinachovuka anakibeba aliyenunua.

Kazi: ndogo kabla, kubwa baada. Piga picha risiti zote, tuma usiku huo huo au kesho yake asubuhi, watu wakiwa bado wanakumbuka. Kama walionunua ni zaidi ya mmoja msianze kulipana kila risiti, jumlisheni zote mgawanye alafu mlipane tofauti tu. Mfano mko wanne, mmoja katumia 60, mwingine 20, wawili hawajatumia kitu, jumla ni 80 na fungu la kila mtu ni 20, basi yule wa 20 amemaliza, na wale wawili kila mmoja anampa 20 yule wa 60. Mambo yameisha kwa miamala miwili.

Uhusiano: kati ya watu walioaminiana sana haina shida hata kidogo. Kwa wengine ndo inayouma kuliko zote, maana deni linakuja chakula kikiwa kimeshasahaulika. Kama hukutaja kabla kwamba mtagawana, usidai. Meza hiyo hasara, ni bei ya kutosema.

Inamfaa nani: watu wachache, watatu mpaka sita, wanaoishi pamoja au wanaokutana kila mara na wanaopokezana kununua.

Mambo yanayoleta ugomvi kwenye njia zote

Pombe itengwe. Asiyekunywa kulipia chupa za wenzie hata mara moja sio haki, na inarudiwa sana. Chakula kiwe fungu moja la wote, pombe wanywaji wachange wao au kila mtu aje na yake. Vivyo hivyo asiyekula nyama, kama nyama ndo imekula nusu ya bajeti basi ama apunguziwe ama awekewe chakula chake cha maana, sio saladi ya pembeni. Na mgeni anayekuja na mgeni mwingine aombe kwanza, na amlipie.

Kwa hali yako

Una tukio lako na hela kidogo: lipa mwenyewe, ita wachache, saa isiyo ya mlo. Ukitaka wengi waje, andika "mimi nitakuwa na chakula kikuu, ukipenda njoo na kinywaji chako." Hapo umetoa kikubwa na umeomba kidogo, na hakuna atakayeona vibaya.

Kundi limeamua pamoja na nyumba ni yako: kila mtu alete kitu kama mnapenda kupika, mchange kama mko bize, na useme mapema bila kuogopa kwamba wewe unatoa nyumba na usafi kwahiyo fungu lako la chakula litakuwa dogo. Bora mtu mwingine kwenye kundi alisemee hilo kwa niaba yako, ukiwa rafiki mzuri wa mwenyeji lisemee.

Wageni wana vipato vinavyotofautiana sana: kila mtu kujichagulia cha kuleta, au kiwango cha chini chenye nyongeza. Kugawa sawa kunaumiza watu kimya kimya.

Wewe ndo umealikwa na mwezi huu huna kitu: mwambie mwenyeji peke yake, mapema, kwa meseji fupi, "natamani kuja ila hela haipo mwezi huu, naweza kuja mapema kusaidia kuandaa na nikabaki kuosha vyombo?" Mwenyeji yeyote aliyewahi kubaki na sinki limejaa saa sita za usiku atakukubalia haraka, na ukikubaliwa fika kweli mapema, usifike wakati mmoja na wageni wengine.